Akiba ya kompyuta na mkono wa chuma

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba akiba haiozi. Leo nataka tuzungumze juu ya akiba moja ambayo huoza, tena huoza kimya kimya, huku kila asubuhi mwenyewe akiambiwa kwamba iko salama salimini. Nayo ni akiba ya kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta.

Barua iliyonifanya nichague jambo hili imetoka kwa kijana anayeangalia kompyuta za chuo kimoja mikoani. Anasema chuo chao kimepata mtambo uitwao maktaba ya kanda, wenye mkono wa roboti. Aliyeuleta aliufunga, akauonyesha mkono ukitembea, watu wakapiga makofi, naye akaenda zake. Sasa kijana ameambiwa auunganishe mtambo huo na programu ya kuweka akiba iitwayo Bacula, ambayo hailipiwi. Anauliza aanzie wapi na ajihadhari na nini. Nimeona nimjibu hapa hewani, kwani jambo hili si la chuo chake peke yake. Hospitali, halmashauri, vyama vya akiba na mikopo, wote siku hizi wanaweka maisha ya watu ndani ya masanduku haya.

Lakini kabla sijamjibu, ninalo la kukiri.

Mwaka 1998 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Dar es Salaam, ambayo jina lake nitaliacha. Tulikuwa na seva moja na deki moja ya kanda ndogo, ndogo kuliko hata kaseti ya muziki. Nilipewa kazi ya kuhakikisha kwamba kila usiku kumbukumbu za idara 5 zinanakiliwa kwenye kanda: hesabu, bohari, mishahara, michango ya uzeeni na usafirishaji. Nikaandika amri 5, moja baada ya nyingine, zote zikielekea kwenye deki ile ile. Kila asubuhi nilikuta mistari 5 ikisema kazi imekamilika. Nikairipoti kwa bosi, naye akafurahi. Tuliendelea hivyo miezi 8.

Masika yakaja, na diski ya seva ikafa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilitoa kanda ya jana yake, nikaitia kwenye deki, nikaamuru irudishe vitu vyote. Ikarudisha idara moja tu, usafirishaji. Tulikuwa na akiba kamili ya safari za magari, pamoja na lita za dizeli, na hatukuwa na kitu kingine chochote.

Sababu yenyewe ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Katika kompyuta za Unix, na Linux iliyofuata nyayo zake, deki moja ina majina mawili. Kwenye Linux jina la kwanza ni st0, la pili ni nst0. Ukiiita kwa jina la kwanza, kazi ikiisha deki huirudisha kanda mwanzo kabisa. Ukiiita kwa jina la pili, lenye ile herufi n mbele, kanda hubaki pale ilipoishia, na kazi inayofuata huandikwa mbele yake. Mimi nilitumia jina la kwanza. Hesabu ziliandikwa, kanda ikarudi mwanzo. Bohari ikaandikwa juu ya hesabu, kanda ikarudi mwanzo. Na kuendelea hivyo hadi usafirishaji, ambao haukuwa na wa kuufuta. Kila kazi ilikamilika kweli. Ripoti haikusema uongo hata siku moja.

Makarani watatu walikaa wiki nyingi wakiandika upya michango ya wafanyakazi kutoka kwenye makaratasi. Mzee mmoja, aliyekuwa amebakiza miezi 2 astaafu, alikuja na hati zake za mshahara ndani ya mfuko wa rambo, akazipanga juu ya meza yangu moja moja. Miaka yake 3 haikuonekana popote. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi hii kompyuta ndiyo imekula miaka yangu?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, tunaitafuta." Miaka 2 tuliipata kwenye daftari la zamani la mhasibu. Mmoja haukupatikana.

Kwa hiyo kijana wangu wa chuo, kila nitakalokuambia leo nakuambia nikiwa na mzee yule mbele ya macho yangu.

Huenda wengine mnajiuliza, kanda bado zinatumika? Zinatumika sana. Kanda za leo ni za aina iitwayo LTO, iliyotoka mwaka 2000 ikiwa na uwezo wa gigabaiti 100. Kizazi cha 8, cha mwaka 2017, kinachukua terabaiti 12 katika kanda moja yenye urefu wa mita 960. Na iko faida moja kubwa ambayo diski haina. Kanda iliyokaa kwenye shubaka haijaunganishwa na kitu. Mwaka 2011 mwezi wa Februari, programu mpya yenye kasoro katika hifadhi za Google ilifuta barua pepe za sehemu ya watumiaji wa Gmail, asilimia 0.02 kwa hesabu ya kampuni yenyewe. Nakala zilikuwepo kwenye vituo kadhaa, lakini kasoro ilizikuta kote. Barua zile zilirudishwa kutoka kwenye kanda, na kampuni ikaeleza wazi kwamba kanda zilipona kwa sababu hazikuwa hewani.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Maktaba ya kanda ni kabati. Ndani yake mna mashubaka, tuseme 24, na kila shubaka lina kanda moja. Mna deki moja au mbili za kusomea na kuandikia. Mna mkono unaotoka shubaka hadi deki na kurudi. Na aghalabu pana kijilango cha mbele cha kuingizia na kutolea kanda bila kufungua kabati zima. Basi. Huo mkono hauna akili zaidi ya ile ya mtu wa bohari anayeambiwa, "Toa kilichomo shubaka la 7, weka kwenye deki 0." Hajui ndani ya kanda mna nini, wala haulizi.

Mwenye akili ni Bacula. Jina hili limetokana na Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, kwa kuwa programu hii nayo huja usiku na kunyonya kompyuta zako. Sisi tungesema mumiani. Ilianzishwa mwaka 2000 na Kern Sibbald, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2002. Imepangwa kama ofisi. Yupo Mkurugenzi, na hili ndilo jina lake hasa, anayeshika ratiba na kutoa amri. Yupo mtunza bohari, anayekaa kwenye seva iliyounganishwa na maktaba. Na kwenye kila kompyuta inayonakiliwa yupo karani anayekabidhi mafaili. Mkurugenzi ana daftari kubwa, yaani katalogi, linalosema faili gani liko kwenye kanda gani na mahali gani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, naomba mnisikilize vizuri. Katika mtambo huu kuna kumbukumbu tatu. Ya kwanza ni ya mkono, yaani kanda ipi iko shubaka lipi. Ya pili ni ya daftari, yaani kanda ipi ina nini. Ya tatu ni kanda zenyewe, yaani kilichoandikwa kweli juu ya utepe. Kazi yote ya kuitayarisha programu ni kuzifanya kumbukumbu hizi tatu zikubaliane leo, na ziendelee kukubaliana baada ya umeme kukatika, baada ya mtu kufungua kabati, na baada ya wewe kuhamishwa kikazi.

Anza bila Bacula kabisa. Wengi hukimbilia kuandika mipango ya Bacula, halafu kitu kikigoma hawajui kama tatizo ni programu, mkono au waya. Iko programu ndogo iitwayo mtx inayozungumza na mkono moja kwa moja. Iulize hali ya maktaba. Ikikuorodheshea mashubaka na deki, iamuru itoe kanda shubaka la 1 na kuipeleka deki 0. Simama mbele ya kabati na utazame kwa macho yako. Na hapo hapo pana mtego wa kwanza: mashubaka huhesabiwa kuanzia 1, deki huhesabiwa kuanzia 0. Nimeona watu wazima wakigombana kwa sababu hiyo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Kama una deki mbili, mkono unazijua kuwa deki 0 na deki 1. Linux nayo inazijua kuwa nst0 na nst1. Hakuna sheria yoyote inayosema kwamba 0 ya mkono ndiyo 0 ya Linux. Linux hutoa namba kwa jinsi ilivyozikuta deki wakati wa kuwaka, na siku umeme ukirudi vibaya inaweza kuzikuta kwa utaratibu mwingine. Matokeo yake mkono unaweka kanda kwenye deki ya juu, mtunza bohari anachungulia deki ya chini, anakuta tupu, naye anakaa kusubiri hadi kunapambazuka. Mbaya zaidi ni pale fundi mwenye haraka anapoambiwa kwamba kanda haina lebo inayotarajiwa. Badala ya kujiuliza kama anatazama deki sahihi, anaifuta ili aitie lebo upya. Amefuta nini? Hajui.

Dawa yake ipo. Tia kanda deki 0 kwa mtx, kisha uliza nst0 na nst1 ni ipi iliyo na kanda. Ukishajua, usitumie namba hizo kwenye mipango yako. Kwenye Linux kuna saraka iitwayo /dev/tape/by-id, ambamo kila deki, na mkono pia, hupewa jina lililojengwa kwa namba yake ya kiwandani. Jina hilo halibadiliki hata deki ikihamishwa waya. Chagua lile linaloishia na nst, maana mjadala wa herufi n tumekwisha kuumaliza.

Baada ya hapo itumie btape, ambayo huja pamoja na Bacula. Hii huandika, hurudi nyuma, husoma, husogea mbele, na mwisho humwamrisha mkono abadilishe kanda. Itumie na kanda tupu, kwani hufuta. Ikikataa, usiendelee mbele kwa kusema tutarekebisha baadaye.

Vibandiko. Kila kanda ya LTO hubandikwa karatasi yenye mistari myeusi mfano wa ile iliyo kwenye sabuni na dawa ya meno. Ina herufi na tarakimu 8; 6 ni jina la kanda, na 2 za mwisho hutaja kizazi, kwa mfano L8. Mkono una jicho la kusoma mistari hiyo, na kwa muda mfupi unajua kabati zima lina nini. Vibandiko vikikosekana, njia pekee ni kuitia kanda moja moja kwenye deki na kusoma lebo ya ndani, na hapo utakunywa chai mara nyingi. Kwa hiyo usikubali kununuliwa kanda bila vibandiko, na usikubali vilivyoandikwa kwa kalamu. Kisha iamuru Bacula izitie lebo za ndani zote kwa mkupuo kufuatana na vibandiko, ili jina la nje na jina la ndani liwe moja. Kanda ya kusafishia deki nayo hupewa jina linaloanza na CLN. Uieleze Bacula kwamba kinachoanza hivyo ni cha kusafishia, la sivyo siku moja itaitia kwenye deki ikitaka kuandika juu yake.

Liko jambo la subira ambalo wengi hulisahau. Mkono ukishaweka kanda, deki haiko tayari papo hapo; huvuta utepe, huuzungusha, hutafuta mwanzo. Bacula humpa mkono dakika 5, na usipoibadilisha namba hiyo ndiyo itakayotumika. Kwa kanda nyingi zinatosha. Lakini kwa kizazi cha 9, kilichoanza kuuzwa mwaka 2021, kanda mpya kabisa ikiingia deki kwa mara ya kwanza hupimwa na kurekebishwa, na kazi hiyo huchukua kama dakika 40 kwa wastani na huweza kufika muda wa saa 2. Bacula ikingoja dakika 5 itasema kanda mbovu. Nina hakika ziko kanda nzima kabisa zilizorudishwa dukani kwa sababu hiyo. Zitie kanda mpya moja moja mchana, kwa mtx, kabla hujaziingiza kazini.

Tena deki haipendi kulishwa kijiko kijiko. Kizazi cha 8 kinaweza kumeza megabaiti 360 kwa sekunde. Data ikija polepole kuliko deki inavyoweza kujipunguza, utepe husimama, hurudi nyuma kidogo, huanza tena, mbele na nyuma kama brashi ya mpiga kiwi. Utepe huchoka, deki huchoka, usiku huisha. Iamuru Bacula ikusanye kwanza data kwenye diski ya haraka, kisha imimine kwenye kanda kwa mfululizo.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kanda, na hapa nitakaa kidogo.

Mashubaka yako ni 24. Toa moja la kanda ya kusafishia, zinabaki kanda 23. Tuseme kila Jumamosi unachukua nakala kamili, nayo inajaza kanda 3. Siku nyingine unachukua yale tu yaliyobadilika, nayo kwa wiki yanaenea kanda 1. Kwa wiki unatumia kanda 4. Bacula ina kanuni kwamba kanda iliyoandikwa hulindwa kwa muda fulani, na muda huo usipoisha haiguswi. Usipoandika chochote, muda wenyewe ni siku 365. Piga hesabu: wiki 5 zimekula kanda 20. Wiki ya 6 usiku wa manane kanda zinakwisha, zote bado zinalindwa, na Bacula inakaa kungoja mtu aje na kanda nyingine. Chuoni usiku huo hakuna mtu ila mlinzi.

Basi fundi akikuta hivyo asubuhi hukasirika na kuandika siku 6. Huyu ameruka mkojo amekanyaga kinyesi. Zile nakala za katikati ya wiki hazisimami peke yake, zinaegemea nakala kamili ya Jumamosi. Kanda zikiwa chache na ulinzi ukiisha kabla ya Jumamosi inayofuata, Bacula itaruhusiwa kuandika nakala mpya juu ya ile ya zamani. Umeme ukikatika katikati, mpya haijakamilika na ya zamani haipo. Ulinzi wa nakala kamili sharti uendelee hadi ile ya baadaye imekwisha na imehakikishwa, na zaidi ya hapo. Kwa kabati hili mimi ningeweka wiki 4. Kanda 16 ziko chini ya ulinzi, 4 zinaandikwa wiki hii, na 3 ni za dharura.

Na ukibadilisha muda huo kwenye mipango, usidhani kanda zilizokwisha kutiwa lebo zimesikia. Bacula hunakili masharti kwenye kila kanda siku inapoandikishwa katika daftari. Kanda za zamani huendelea na sharti la zamani hadi uiamuru izisahihishe. Jambo hili limewaumiza wengi, nami nimo.

Daftari lenyewe je? Diski iliyobeba daftari ikifa, una kabati la kanda 23 na hujui lipi liko wapi. Inawezekana kulijenga upya kwa kusoma kanda zote mwanzo hadi mwisho, lakini hebu fikiria mita 960 mara 23. Ifanye kazi ya mwisho ya kila usiku iwe kunakili daftari. Na yale maelezo mafupi ambayo Bacula hutoa baada ya kila kazi, yanayosema nakala ya daftari iko kanda ipi na mahali gani, yatume kwenye kompyuta nyingine. Mimi huyachapa pia kwenye karatasi. Vijana hunicheka.

Habari ya kupokea taarifa nayo ina kisa chake. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walipokwenda kutafuta nakala za kila siku, hawakuzikuta. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Na barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kampuni ilieleza yote hayo yenyewe hadharani, na kwa hilo naipa heshima. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla kwa bahati. Kwa hiyo usipange Bacula ikuandikie inaposhindwa tu. Ikuandikie kila siku, ili asubuhi ambayo barua haikufika ujue kuna jambo.

Nimesema kanda haiko hewani. Lakini hapo lazima niseme ukweli wote. Kanda iliyomo ndani ya maktaba iko nusu hewani, kwa maana mkono hutii yeyote mwenye neno la siri. Mharibifu akiingia kwenye seva, anaweza kuuamuru uzilete kanda zote 23 moja moja na kuzifuta, nao utafanya kazi hiyo kwa bidii ile ile. Mwezi Juni mwaka 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya viliingia kampuni ya meli ya Maersk na kufagia seva zake kuu za utambulisho duniani kote. Kwa taarifa zilizochapishwa baadaye, moja tu ilipona, nayo ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ndiyo, ndugu wasikilizaji, mgao wa umeme umewahi kuokoa kampuni ya Denmark. Wewe usingoje mgao. Kila mwezi toa nakala kamili moja kupitia kijilango, uipeleke jengo jingine lenye ufunguo wake. Kisha uiambie Bacula ihesabu mashubaka upya, maana mkono umeona kanda zimetoka lakini daftari halijaona.

Huko unakozipeleka, tazama hewa. Kanda ya kuwekwa muda mrefu inataka joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua kwamba chumba kisicho na kiyoyozi hakifiki hapo hata siku moja kwa mwaka. Kabati la chuma nyuma ya stoo ya mchele si mahali pake. Hapo ndipo akiba huoza kwa maana halisi, kwa ukungu.

Jingine ni vizazi. Deki ya kizazi cha 7 inasoma vizazi 2 vya nyuma yake. Deki ya kizazi cha 8 inasoma cha 7 na chake tu, na ya 9 vivyo hivyo hurudi nyuma hatua moja. Kumbukumbu za wanafunzi na michango ya wafanyakazi zinahitajika miaka 30 na zaidi. Ukinunua deki mpya, ya zamani usiipige mnada kabla hujahamisha kanda zake.

Mwisho, kurudisha. Sisemi kutazama ripoti, nasema kurudisha faili kutoka kwenye kanda, kulifungua na kulisoma. Ofisi ninayoisaidia siku hizi tuna kawaida. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi karani wa masijala huandika jina la mfanyakazi mmoja na mwezi mmoja wa zamani kwenye kikaratasi, anakikunja, ananipa. Mimi na kijana wangu sharti tuutoe mchango wa mtu huyo wa mwezi huo kutoka kwenye kanda na kuupeleka masijala ulinganishwe na jalada. Mara ya kwanza tulishindwa. Kanda ilikuwa imetolewa nje na daftari bado lilisema iko shubaka la 11. Mara ya pili ilituchukua muda wa saa 3. Mara ya mwisho jina lilikuwa la mama anayetupikia chai, mkono ukaenda shubaka la 4, na baada ya dakika 25 karatasi ilikuwa mezani, shilingi kwa shilingi. Mama alipoambiwa, alitaka kujua kwa nini tunamchunguza.

Kijana wa chuo, mtx kwanza, Bacula baadaye, na ukikwama niandikie tena kwa anwani ile ile. Juma lijalo nitajibu barua ya mwalimu aliyeuliza juu ya mashine za kupigia chapa zinazokataa wino usio wa kwao.